Zanzibar na ndoto ya televisheni ya kaskazini

Kila linapozuka wazo la kuwa na kituo cha televisheni cha mikoa ya kaskazini, hapa Arusha au kule Moshi, hakosekani wa kuitaja Zanzibar. Mbona wao waliweza? Swali hilo linastahili jibu la maana, kwa sababu historia ya Zanzibar inawapa hoja wanaokitaka kituo, na wanaokipinga nao hawatoki mikono mitupu.

Televisheni Zanzibar, TVZ, ilianza mwaka 1974, tena kwa rangi, ya kwanza ya aina hiyo kusini mwa Jangwa la Sahara. Afrika Kusini, pamoja na utajiri wake, ilianza rasmi 1976. Huku Bara, Serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona televisheni kuwa anasa ya wachache wa mjini, na tukasubiri miaka 20 hadi kituo binafsi cha ITV kilipoanza mwaka 1994. Sidhani Mwalimu alikosea. Redio ya betri iliweza kusikika Longido na Rombo. Televisheni ingewafaa wenye umeme tu, na hao walikuwa wachache mno.

Lakini Zanzibar ilipata kitu ambacho fedha haziwezi kukinunua kwa siku moja: watangazaji, wapiga picha na mafundi waliojifunza kazi nyumbani, miongoni mwa watu wao. Taarab na sherehe za Mwaka Kogwa kule Makunduchi zilipata kamera iliyoshikwa na mtu anayezijua. Sisi je? Kamera za Dar es Salaam hupanda huku kukiwa na jambo kubwa: kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda zilizosikilizwa Arusha, kikombe cha dawa cha Babu wa Loliondo kule Samunge mwaka 2011, mkutano wa marais wa Afrika Mashariki. Jambo likiisha, gari linarudi. Ugomvi wa zamu za maji ya mfereji Machame, bei ya maharage Soko la Kilombero, migogoro ya mipaka ya viwanja inayojaa kwenye mabaraza ya kata, hayo yanaachiwa redio zetu, na picha zake hatuzioni. Wala hatuwezi kusema kazi hii ni ngeni kwetu. Studio ya Sauti ya Injili pale Moshi ilikuwa ikiandaa vipindi vya Kiswahili tangu miaka ya 1960, vikirushwa kutoka Addis Ababa.

Upande wa pili ni mzito, na wengi wanaoisifu Zanzibar huuruka. TVZ ilizaliwa wakati karafuu inalipa, na karafuu ndiyo iliyokuwa nguzo ya Serikali ya Mapinduzi. Bei ilipoporomoka miaka ya 1980, baada ya Indonesia, mnunuzi mkubwa, kuanza kujitosheleza, mfuko uliokitegemeza kituo ukakauka. Mwenye mfuko huo ndiye pia aliyeamua nani aonekane. Uchaguzi wa vyama vingi ulipoingia mwaka 1995, wapinzani na waangalizi walilalamika kwamba kituo kinakiegemea chama tawala. Mwaka 2013 kiliunganishwa na redio ya Serikali na kuwa Shirika la Utangazaji Zanzibar, ZBC, lakini mwenyewe akabaki kuwa Serikali. Anayetaka televisheni ya mkoa iliyo chini ya ofisi ya mkoa aitazame historia hiyo bila kupepesa macho.

Kama si Serikali, alipe nani? Hapa ndipo pananitia wasiwasi zaidi. Utajiri unaoonekana Arusha ni wa hoteli na kampuni za utalii, na wateja wao wako Ulaya na Marekani. Hawana sababu ya kujitangaza kwa mama wa Ngarenaro. Marehemu Reginald Mengi alikuwa mtoto wa Machame, lakini ITV aliijenga Dar es Salaam, kwenye viwanda, benki na watangazaji wa biashara. Star TV ilithubutu kuanzia Mwanza, ila nayo ilirusha matangazo kwa nchi nzima, haikubaki kuwa ya Kanda ya Ziwa peke yake.

Mitambo ya analojia ilizimwa Arusha na Moshi mwishoni mwa Machi 2013, na tangu hapo kituo hakilazimiki kusimamisha mnara wake. Kinalipia nafasi kwenye mitambo ya kampuni yenye leseni. Mzigo wa kuanza umepungua, ila umekuja mzigo wa ada isiyokoma. Kuonekana nako hakuna uhakika: Agosti 2018 chaneli za bure ziliondolewa kwenye baadhi ya ving'amuzi vya kulipia, na watu wakaamka hawazioni stesheni walizozizoea. Kama hayo yaliwakuta wakubwa, kituo kichanga kitavumilia vipi?

Pamoja na hayo, mimi nakitaka kituo hiki. Nakitaka kidogo, cha saa chache kwa siku, na kimilikiwe na wengi. Ushirika hatufundishwi huku. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ipo tangu 1933. Najua pia jinsi wizi na siasa vilivyoviumiza vyama vyetu vya msingi, ndiyo maana hesabu za kituo zingepaswa kusomwa hadharani kila mwaka mbele ya wanahisa. Halmashauri zinunue muda wa matangazo kwa bei ileile anayolipa mwenye duka la vipuri, na zisipewe hisa hata moja. Fedha za kwanza ziende kwa waandishi wa kukaa Same, Karatu na Mererani, kabla mtu hajazungumzia jengo la studio.