Mabibo tulibebana

Kila nikipiga simu nyumbani naulizwa baridi. Baridi ya Leipzig, hapa Ujerumani, ipo kweli, na Desemba jua linazama saa kumi jioni, lakini ukivaa koti zito unaizoea. Kilichonielemea mwaka wangu wa kwanza wa uzamili ni kingine, na naona tunaosoma huku hatukisemi.

Pale hosteli za Mabibo, za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, tulikuwa tunabebana. Mwenzangu alipata kitanda, mimi nilikosa, tukalala wawili kwenye kitanda kile chembamba cha chuma, mzungu wa nne, kichwa huku miguu kule. Muhula wa pili malaria ikanishika wiki ya testi. Sikumwita mtu. Mwenzangu aliona tu sijaamka, akashuka kutafuta limau, akanikorogea uji. CR, kiongozi wa darasa letu, akanisemea kwa mhadhiri. Nilipopata nafuu nikakuta madesa, yaani notsi, ya siku tatu yametolewa kopi, yamewekwa juu ya mto. Mgonjwa haulizwi uji.

Huku nina chumba changu, friji yangu, ufunguo wangu. Februari nililala na homa siku sita. Korido yetu ina milango 12. Nilisikia hatua zikipita, sufuria zikigongana jikoni, mtu akicheka na simu. Hakuna aliyebisha hodi. Kwenye mihadhara hakuna kuitwa majina, na moduli nyingi alama zote zimo katika mtihani mmoja wa mwisho, kwa hiyo unaweza kupotea mwezi mzima na asiwepo wa kukuulizia. Zile alama 40 za kosiweki, za kazi na testi za kabla ya mtihani wa mwisho, tulizokuwa tukizilalamikia Mlimani ndizo zilizofanya watu wa grupu wakutafute.

Si roho mbaya. Siku ya saba nilimwambia jirani yangu Mjerumani, akashtuka: mbona hukusema? Jioni ile ile akaleta supu, kesho yake akanipeleka kwa daktari. Kwake yeye, kumgongea mtu mlango hajakuita ni kumsumbua. Aliniacha kwa heshima. Nimejifunza kuithamini heshima hiyo, lakini siku zile sita sikuwa na haja nayo.

Na nyumbani nako unanyamaza. Ili upate viza ya masomo ya Ujerumani unaonyesha yuro 11,904 kwenye akaunti maalumu, kisha kila mwezi unaruhusiwa kutoa 992. Ukizibadili ni karibu milioni tatu za kwetu, na kodi ya chumba na bima haziko kwenye hesabu ya mjomba anayekuona tajiri. Baba mdogo aliuza kiwanja cha Chanika ili pesa hiyo itimie. Nianzie wapi kumpigia mtu aliyeuza kiwanja nimwambie kwamba usiku ninalia?

Sisifii msongamano. Choo cha korido nzima na foleni ya maji asubuhi ya mtihani ni mateso, na serikali ingetujengea mabweni ya kutosha tangu zamani. Na huku nako kuna mazuri yake: Maktaba ya Albertina nitaikumbuka maisha yangu yote.

Mdogo wangu sasa yuko mwaka wa kwanza Mlimani. Amekosa chumba, anabebwa na kijana wa Tabora waliyekutana kwenye foleni ya usajili. Wiki iliyopita aliniomba hela apange geto Changanyikeni apate utulivu wa kusoma. Nimemtumia. Nikamwomba pia namba ya huyo wa Tabora, nikampigia, nikamsihi wahamie pamoja.