Misitu ya Kaya na Haki ya Kufunga Lango

Mwaka 2008 UNESCO iliiweka misitu mitakatifu ya kaya, yaani makazi ya kale yenye maboma, za Wamijikenda wa pwani ya Kenya, katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka uliofuata shirika hilohilo likaziingiza mila za kaya katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Miti ilisifiwa kwa kuwa bado imesimama, huku mila iliyoisimamisha ikikiriwa kuwa mahututi. Kila mjadala juu ya nani asimamie kaya na zinufaishe nani unarudi kwenye tofauti hiyo.

Wanaotaka wazee wa kaya waachiwe usimamizi wote wana hoja nzito. Kwa vizazi vingi misitu hii ililindwa kwa mwiko: hapakatwi mti, hapachungwi mifugo, na mahali lilipofukiwa fingo, yaani kago la kuilinda jamii, hapakaribiwi ovyo. Sehemu kubwa ya msitu wa pwani nje ya kaya imegeuka mashamba na makaa, ilhali vipande hivi vimebaki na mimea adimu. Hata nguvu ya dola haikuufuta mwiko huo. Mwaka 1914, baada ya mwanamke kiongozi Mekatilili wa Menza kuwalisha Wagiriama, mojawapo ya jamii za Wamijikenda, kiapo cha kuupinga utawala wa Waingereza, wakoloni waliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Leo kaya hiyo imo katika orodha ya urithi wa dunia.

Hata hivyo, mwiko humzuia anayeuogopa. Kijana asiyejua jina la babu yake mkuu, na anayehitaji karo au mtaji, huuona msitu kama mbao. Vigango, nguzo za kuwakumbuka wazee wa chama cha kimila cha Gohu, ambazo kimila hazing'olewi zikishasimikwa, viliibwa na kuuzwa hadi vikafika katika makumbusho ya Marekani. Mwaka 2014 makumbusho ya Denver yaliamua kuvirudisha 30. Lipo pia jambo linaloumiza zaidi: huko Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, mara nyingi nyuma ya tuhuma kukiwa na ugomvi wa ardhi. Kumwambia mzee wa namna hiyo aulinde msitu peke yake ni kumtwika mzigo tuliokwisha kuukwepa sisi.

Ndiyo maana mfano wa Kaya Kinondo, karibu na Diani, unastahili kutazamwa kwa makini. Wadigo wa huko, nao Wamijikenda, walikubali kupokea watalii kwa masharti yao wenyewe. Mgeni hujifunga kaniki nyeusi, huongozwa na mwenyeji, haokoti hata jani, na wanaofuatana kama wapenzi hawabusiani ndani ya msitu. Kiingilio kimeipa jamii sababu ya kifedha ya kuutunza. Wapinzani husema kwamba ibada ikishawekewa bei hugeuka maonyesho, na hofu yao si ya bure, kwani pwani yetu ina ngoma nyingi zilizobaki za kuchezwa hotelini tu. Lakini naona tofauti kubwa kati ya ngoma inayoagizwa na meneja wa hoteli na msitu ambao wenyewe wanaweza kumwambia mgeni: hapa ndipo mwisho wako. Haki hiyo ya kufunga lango ikiwapo, fedha haina budi kufuata mwiko. Ikikosekana, mwiko ndio utakaofuata fedha.

Swali gumu zaidi ni la nani huyo "mwenyewe". Ngambi, baraza la kaya, ni la wazee wanaume. Wanawake wanaotafuta kuni, maji na dawa pembezoni mwa msitu ndio wanaoguswa mapema na kila katazo, na vijana ndio watakaorithi au kuuza. Mapato yasipotolewa hesabu mbele ya makundi haya, usimamizi wa kijamii utakuwa wa watu wachache tu.

Kisheria msingi upo. Ibara ya 63 ya Katiba ya 2010 inataja ardhi ya matambiko miongoni mwa ardhi za jamii, na kaya nyingi zimetangazwa kuwa turathi za taifa tangu 1992. Tangazo la serikali humzuia mkata miti, lakini halimpi mzee wa kaya hati mkononi. Mlima Mrima huko Kwale, wenye kaya na madini ya niobiamu, ulionyesha hatari ya kukosa hati hiyo: leseni ya uchimbaji ilitolewa juu ya msitu uliokwisha kutangazwa kuwa turathi, kisha ikafutwa mwaka 2013. Iliyoitoa na iliyoifuta ni serikali ileile.