Tusipime Bwawa Moja Moja

Bwawa jipya linapopangwa, huandikwa ripoti ya athari kwa mazingira, na humo samaki hupewa kurasa chache: spishi zilizonaswa karibu na eneo la ujenzi, na ahadi ya kuwajengea ngazi ya kupandia, yaani mfereji wa vidato vya maji wa kuvukia ukuta. Ripoti ikiishia hapo, kwangu mimi haijajibu lolote. Samaki anayetaga mayai kwenye vijito vya juu na kukulia kwenye maji ya chini haishi pale panapojengwa ukuta. Anapita tu. Ndiyo maana natetea modeli za kompyuta, yaani hesabu zinazouiga mto, zinazoubeba mto mzima na matawi yake yote, na naamini hakuna zege linalopaswa kumwagwa kabla hazijaulizwa.

Umbo la mto lina uzito mkubwa katika jambo hili. Modeli za zamani, kama ile ya mtafiti wa samaki William Ricker ya mwaka 1954, zinahusisha idadi ya samaki wazazi na idadi ya watoto watakaopatikana baadaye. Bado zinafaa, ila hazina ramani. Mwaka 2002 mwanaikolojia William Fagan alionyesha kwamba mtandao wenye matawi, ukikatwakatwa, una hatari zake ambazo mto ulionyooka hauna. Vijito viwili vinaweza kutenganishwa na kilima kimoja tu, lakini samaki wa kijito kimoja, ili afike kwa jirani, ateremke hadi makutano kisha apande tena. Kizuizi kimoja kwenye njia hiyo kinatosha kuwatenga, na kundi dogo lililotengwa likifa kwa ukame, hakuna wa kuja kulijaza upya.

Twende kwenye hesabu, kwa mto wa kilomita 100 usio na matawi. Weka ukuta usiopitika kilomita 10 kutoka baharini. Mkunga, ambaye hupanda mtoni akitokea baharini, amebakiwa na asilimia 10 ya mto. Kwa samaki anayeishi mtoni maisha yake yote hali si mbaya hivyo: ukichagua sehemu mbili zozote bila kupanga, uwezekano kwamba zote ziko upande mmoja wa ukuta, na anaweza kutoka moja kwenda nyingine, ni asilimia 82. Sasa hamishia ukuta uleule katikati ya mto. Mkunga anapata asilimia 50, na yule wa mtoni anashuka hadi 50. Aliyenufaika na kuhamishwa kwa ukuta ni mmoja, na aliyeumia ni mwingine. Kipimo hiki cha muunganiko wa mto kilitolewa na mtafiti David Cote na wenzake mwaka 2009, na sioni kwa nini kisiwe sharti katika kila ripoti.

Ngazi za samaki nazo zinahitaji hesabu. Tuseme kila ngazi inapitisha nusu ya samaki wanaofika. Mabwawa yakiwa matatu yanayofuatana, wanaofika juu ni asilimia 12.5. Kila mwenye bwawa ataandika kwamba nusu wanapita, na kila mmoja atakuwa amesema kweli. Ukweli huo wa vipandevipande ndio unaomaliza samaki.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa bonde la mto Mekong, Asia ya Kusini-Mashariki. Mwaka 2012 mtafiti Guy Ziv na wenzake walichapisha modeli ya mabwawa 27 yaliyopangwa kwenye matawi ya mto huo. Kila bwawa likiwa lijengwe au lisijengwe, michanganyiko inayowezekana inazidi milioni 134. Bila kompyuta huwezi hata kuanza. Modeli ilionya kwamba bwawa moja, Lower Se San 2 nchini Kambodia, lingepunguza uzito wa samaki wa bonde zima kwa asilimia 9.3. Lilijengwa, likazinduliwa mwaka 2018. Sayansi ilikuwapo, na ilikuwa imetangulia.

Wapo wanaosema modeli ni makisio ya watu waliojifungia ofisini. Hoja hiyo ina uzito pale data inapokosekana. Modeli isiyojua makalavati ya barabara, ambayo nayo huzuia samaki wadogo, itauona mto uko wazi wakati umefungwa. Modeli isiyojua mazalia itahesabu maji matupu. Lakini mengi ya hayo wavuvi wanayajua: mwezi ambao samaki hupanda, kijito wanachoingia, mwaka walioacha kuonekana. Maarifa hayo yakusanywe kwa utaratibu, na wavuvi walipwe kwa kazi hiyo kama wataalamu wengine.

Tena modeli zihukumiwe na mto wenyewe. Kwenye mto Klamath, Marekani, mabwawa manne yalikamilika kubomolewa mwaka 2024, na mwezi Oktoba mwaka huohuo salmoni walionekana wamevuka pale kuta zilipokuwa. Watafiti wakiendelea kuwahesabu humo mwaka baada ya mwaka, kijito kwa kijito, tutajua ni modeli ipi iliyokadiria sawasawa na ipi ya kurekebisha. Kazi hiyo ya kuhesabu inahitaji fedha za muda mrefu, na zitengwe ndani ya bajeti ya kila bwawa, linalojengwa na linalobomolewa.