Anayetafuta namba ya fundi asitozwe

Shangazi yangu ana mtumbwi wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Mwezi huu giza lilipoanza tu, mashine ikagoma. Anayejua dagaa anajua uzito wa jambo hilo: wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikitoka mitumbwi inapumzika. Kila usiku unaopotea umepotea.

Nikaingia kwenye saraka moja ya mtandaoni, yaani orodha ya mafundi na namba zao. Jina la fundi nikaliona, lakini tarakimu nne za mwisho za namba yake zilikuwa zimefunikwa kwa nyota. Kuzifunua, shilingi 1,000. Nikalipa kwa simu, nikapiga: haipatikani. Fundi wa pili, 1,000 nyingine, akapokea mtu aliyesema yuko Dodoma na hajawahi kushika mashine ya boti. Pesa hairudi. Mwishowe nikashuka mwaloni kwa miguu, nikauliza kwa wauza vipuri, na nusu saa haikuisha fundi akapatikana. Hakuwamo kwenye saraka yoyote. Alitakiwa alipe ada ya mwaka mzima kwa mkupuo, akashindwa.

Huku ni kula pande zote mbili, kama dalali anayetaka hela ya kukuonesha chumba, kisha ukikipata anataka na kodi ya mwezi mmoja. Mimi nasema anayetafuta asitozwe kabisa. Kabla ya kulipa hana namna ya kujua kama anachonunua ni kizima, na akishaumia mara mbili harudi tena. Uingereza, bei ya kupiga simu kuulizia namba ilipaa mpaka mdhibiti wao, Ofcom, akaiwekea ukomo Aprili 2019: pauni 3.65 kwa sekunde 90. Vitabu vya kurasa za njano vya Marekani, vyenye namba za simu za biashara, vilidumu miaka mingi kwa njia nyingine: msomaji alipewa kitabu bure, na aliyetaka tangazo kubwa ndiye aliyelipa.

Na fundi je? Jina na namba viwekwe bure, maana saraka yenye majina machache haina wa kuifungua. Ada ya mwaka inawafukuza haohao tunaowatafuta, watu ambao kipato chao kinapanda na kushuka na mwezi wa angani. Aweke salio dogo, na likatwe pale tu mteja anapompigia kupitia saraka. Najua kuna hofu ya washindani kupiga ili kummalizia salio. Basi simu isiyofika nusu dakika isikatwe kitu, na mpigaji mmoja asihesabiwe mara mbili ndani ya wiki. Namba iliyokufa iondolewe, hiyo ni kazi ya mwenye saraka.

Anayetaka kukaa juu ya orodha alipie, sawa, ila paandikwe waziwazi kwamba ni tangazo. Kuuza namba za mafundi kwa mafungu bila ridhaa yao sikubali hata kwa bei gani. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022.

Nilimuuliza fundi wa shangazi kama angekubali kukatwa shilingi 500 kwa kila mteja anayepiga. Alikuwa ameinamia mashine, anafuta plagi kwa tambara lililolowa petroli.

"Hata 1,000," akasema, "mradi awe mtu mwenye mashine mbovu kweli."