Walioshiba ndo wanaolia dunia imekwisha

Kuna kitu huku ughaibuni kinanikera sana. Pale tunapopumzikia kazini kuna tv haizimwi, kutwa habari, vita, mafuriko, risasi, na ikitajwa Afrika tu jamaa wote wananigeukia na sura za msibani, "pole, kwenu wazima?" Nchi yenyewe iliyotajwa kutoka kwetu ni masaa kwa ndege. Wazima, nawaambia, mdogo wangu anapaua nyumba. Wanabaki kunitazama.

Na hao hao ndo wanaoniambia dunia imekwisha, hawataki hata kuzaa. Watu wana bima, kukatika umeme wanakusikia kwa kuhadithiwa! Nyumbani mtu kila kitu kimemgomea lakini muulize habari za mwakani, ana mipango mitatu.

Ajabu namba ziko upande wa huyu wa nyumbani. Mwaka 1990 zaidi ya theluthi ya watu duniani walikuwa kwenye umaskini uliokithiri, kufika 2019 ni kama mmoja kati ya kumi hivi. Watoto waliokuwa wanakufa kabla ya miaka 5 walipita milioni 12 kwa mwaka, 2022 hawakufika milioni 5. Bibi yangu ukimuuliza amezaa wangapi anakuuliza kwanza, na niliowazika niwataje? Mama yangu hana swali hilo. Sasa tv itaitangaza lini hiyo, maana mtoto aliyechanjwa surua akaendelea kucheza hana saa ya kutangazwa, ndege ikianguka ina saa, ina mahali, ina picha. Hans Rosling, yule daktari wa Uswidi, alikuwa anawauliza wasomi wa nchi tajiri maswali ya namna hii, wanapata chini ya sokwe anayebahatisha.

Najua mshaanza kuandika, "kaona theluji kidogo tu anatufundisha maisha", "aje aishi huku na asilimia zake". Jamani sijasema kwetu shwari, hela ninayotuma kila mwezi naijua inapoishia. Tena nawapa na fimbo ya kunichapia: sehemu kubwa ya huko kupungua ni China, na Afrika kusini mwa Sahara asilimia ya maskini imeshuka lakini idadi yao imepanda. Hapo nakasirika na nyie bega kwa bega, kwa sababu wengine wameweza kwa hiyo inawezekana, na tukishaamini kila mahali kunaungua nani atamuuliza kiongozi wake mbona sisi tumebaki?

Ila na nyie msijione. Magrupu yenu ya WhatsApp yameanza kuambukizwa, juzi mjomba kanitumia video ya ajali ya huku huku ninakoishi, mimi nilikuwa sijaisikia, na chini kaandika dunia imeharibika mwanangu rudi nyumbani. Shikamoo mjomba, ada ya binti yako nimetuma, umeiona?