Usisubiri tumbo liume ndipo upime utumbo mpana

Waulize watu waliofikisha miaka 50 kama wamewahi kupima utumbo mpana, na wengi watakujibu kwamba hawana tatizo lolote. Jibu hilo huniuma, kwa sababu kipimo hiki kimewekwa kwa ajili yao hasa, watu wasioumwa.

Saratani nyingi za utumbo mpana huanzia kwenye kinyama kidogo kinachoota kwenye ukuta wa ndani wa utumbo. Madaktari hukiita polipu. Hakiumi, hakimnyimi mtu usingizi wala hamu ya kula. Vingi havigeuki kuwa saratani, ila vile vinavyogeuka kwa kawaida huchukua miaka kama 10. Muda wote huo kinaweza kuondolewa kabla hakijaleta madhara, na ni saratani chache mno zinazotupa nafasi hiyo. Hata hivyo, mwaka 2020 peke yake watu zaidi ya 900,000 duniani walikufa kwa saratani ya utumbo mpana. Siwezi kulizoea jambo hilo.

Kolonoskopi ndiyo inayoogopwa. Daktari hupitisha mrija wenye kamera kwenye njia ya haja kubwa, na akikuta kinyama hukizungushia kitanzi cha waya, akakikata papo hapo na kukipeleka maabara. Njia hiyo ilianzia New York mwaka 1969, mikononi mwa Hiromi Shinya na William Wolff. Kabla yao, kinyama kilichoota ndani sana kilimaanisha kupasuliwa tumbo. Kutoboka kwa utumbo au kuvuja damu hutokea, lakini mara chache. Kinacholalamikiwa zaidi ni dawa ya kuharisha inayonywewa kabla ya kipimo, na kweli haipendezi. Inywe yote. Uchafu ukibaki, vinyama vilivyolala bapa ukutani havionekani, na utarudi nyumbani ukijiona salama bure.

Aibu nayo ina sehemu yake. Mtangazaji wa Marekani Katie Couric alimpoteza mumewe kwa saratani hii mwaka 1998, mume huyo akiwa na miaka 42 tu. Miaka miwili baadaye akaonyesha kolonoskopi yake mwenyewe kwenye televisheni, na idadi ya Wamarekani waliokwenda kupimwa ikapanda. Namheshimu sana kwa hilo. Watu wengi walikuwa wanasubiri tu mtu mmoja azungumzie choo bila kuinamisha kichwa.

Lakini nadhani tumekosea kuifanya kolonoskopi ionekane kama mlango pekee. Katika utafiti mkubwa wa Poland, Norway na Sweden uliochapishwa mwaka 2022, kati ya walioalikwa kufanyiwa kolonoskopi ni asilimia 42 tu waliofika. Kipimo kizuri kisichofanywa hakimsaidii mtu. Kipo kipimo cha choo ambacho unachukua sampuli mwenyewe nyumbani, na maabara inatafuta damu isiyoonekana kwa macho. Utafiti wa Minnesota, Marekani, wa mwaka 1993 ulionyesha kwamba kupima choo kila mwaka, tena kwa kipimo cha kizamani, kulipunguza vifo vya saratani hii kwa theluthi moja. Kama mrija unakutisha, anza na choo, hata leo.

Kuna masharti mawili. Kipimo hicho hurudiwa kila mwaka au kila baada ya miaka miwili, kwa sababu si kila kinyama hutoa damu siku ile ile unayopima. Na kikionyesha damu, kolonoskopi ni lazima. Hapa ndipo tunapopoteza watu: wanasema ni bawasiri tu, au wanarudia kipimo mpaka kipatikane kilicho safi. Kipimo cha pili kuwa safi hakifuti cha kwanza.

Kuhusu umri, Marekani ilishusha umri wa kuanza kutoka miaka 50 hadi 45 mwaka 2021, kwa kuwa ugonjwa unazidi kuwapata vijana. Anayeona damu kwenye choo, anayepungua uzito bila sababu au anayeambiwa damu yake imepungua asingoje umri wowote, aende kwa daktari sasa.

Jambo la mwisho nawaambia wale ambao tayari wamekutwa na vinyama: msikae kimya, waambieni ndugu zenu. Mtu ambaye mzazi, ndugu au mtoto wake amewahi kuugua saratani hii kwa kawaida hushauriwa kuanza kolonoskopi akiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu huyo aligunduliwa, ule unaotangulia. Baba akigunduliwa na miaka 45, wanawe wanaanza na 35. Hata vinyama vikubwa ambavyo havijawa saratani vinaweza kubadili ratiba ya ndugu zako. Kwa hiyo omba ripoti yenye idadi, ukubwa na aina ya vinyama vilivyotolewa, kisha uwape ndugu zako nakala waende nayo kwa daktari wao.