Droni ni yangu, njia nipange mimi

Mama mmoja anayeishi Uingereza anajenga nyumba Kibada, Kigamboni. Kila mwisho wa mwezi navuka na pantoni, narusha droni juu ya saiti yake, namtumia picha kwa WhatsApp. Miezi mitatu ya mwanzo nilirusha kwa mkono, kwa programu ya kiwanda kilichoitengeneza droni yangu. Mwezi wa nne akanipigia. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasema: "Mwanangu, picha zako nzuri, lakini kila mwezi unanionyesha nyumba nyingine. Ukuta umepanda au haujapanda, mimi nitajuaje?"

Nikazifungua picha zote kwenye kompyuta. Ya kwanza nilikuwa mita 30 juu, upande wa barabarani. Ya pili mita 45, jua limeingia kwenye kamera. Ya tatu nimesogea mpaka tangi la jirani limejaa robo ya picha. Mkono wa binadamu haukariri mahali angani. Na mtu anayejenga akiwa mbali hanunui picha ya kupendeza, anataka kulinganisha.

Ndipo nikanunua Litchi, programu isiyo ya kiwanda inayorusha droni za DJI, kampuni iliyotengeneza droni yangu. Nililipa kama dola 25, mara moja tu, pungufu ya bei ya betri moja ya akiba. Droni yangu ni Mini 2, ile ya gramu 249 iliyotoka mwishoni mwa 2020. Programu yake ya kiwanda, DJI Fly, haikupi nafasi ya kupanga vituo vya safari kwenye droni hiyo. Litchi inakupa. Unakaa nyumbani na ramani kwenye kompyuta: kituo cha 1 hapa, urefu huu, kamera iinamie nyuzi 45, piga picha, nenda cha 2. Unahifadhi. Mwezi ujao unarukia pale pale, unaifungua safari ile ile, droni inapita njia ile ile. Haitasimama kwenye nukta moja kama msumari, maana kwa GPS inaweza kuyumba kama mita moja na nusu. Kwa nyumba, inatosha kabisa.

Mwezi wa pili wa kufanya hivyo, yule mama aliweka picha mbili sambamba. Rundo la tofali karibu na choo cha mafundi lilikuwa limepungua zaidi ya nusu. Ukuta wa nyuma ulikuwa na kozi zile zile za tofali. Aliyoongea na msimamizi wake baada ya hapo hayanihusu, ila picha zilimpa cha kuongea.

Kwa hiyo nasema bila kumung'unya maneno: kwa mtu anayetafuta riziki kwa droni hapa Dar, kujifunza programu isiyo ya kiwanda ni sehemu ya kazi. Wanafunzi wa vyuo vyetu walioshiriki mradi wa Ramani Huria kuanzia 2015, kuchora ramani za mitaa inayofurika maji jijini, walifanya kazi na picha za droni zilizopigwa kwa njia zilizopangwa, mstari baada ya mstari, kila picha ikilalia nyingine. Kwa vijiti vya rimoti huwezi kupata mistari ya namna hiyo. Ramani inahitaji njia iliyopangwa, na saiti ya ujenzi pia.

Lakini kuna swali moja ambalo wengi hawaulizi kabla ya kubonyeza kitufe cha kuanza: safari niliyopanga inakaa wapi? Kwa droni za zamani kidogo kama Phantom 4, Mavic Pro na Mavic 2, inapakiwa ndani ya droni yenyewe. Mawasiliano na rimoti yakikatika, droni bado inajua inakokwenda. Kwa Mini 2 na ndugu zake wa umri huo, safari inabaki kwenye simu. Simu ndiyo inayotuma amri sekunde kwa sekunde, kana kwamba kuna kidole kimeshika vijiti. Yaani rubani ni simu, na simu yetu sisi ndiyo hiyo hiyo ya M-Pesa, ya WhatsApp na ya ndugu wote.

Hilo nilijifunza Kunduchi. Droni ilikuwa kituo cha 6 kati ya 11, mita kama 120 kutoka niliposimama, chini yake maji matupu. Simu ikaita. Mjomba. Jina lake likajaa skrini nzima, programu ikarudi nyuma. Nikainua macho: droni imesimama. Haiendi mbele, hairudi, inaning'inia tu juu ya bahari, upepo wa kusi unaitikisa na yenyewe inajilaza kupambana nao. Nilikata simu, nikairudisha programu, vidole vinatetemeka, nikaacha ile safari na kuileta kwa vijiti. Kurudi ilikuwa inakwenda kinyume na upepo, polepole kuliko nilivyodhani. Ilitua mchangani betri ikiwa asilimia 19.

Programu haikukosea. Ilipokosa nafasi ya kutuma amri, droni ilifanya inachotakiwa kufanya, ikasimama. Aliyekosea ni mimi, kwa kutojua nani anarusha. Tangu siku hiyo simu ya droni naiweka kwenye hali ya ndegeni kabla sijawasha mapanga ya droni, na ramani ya eneo naifungua nyumbani kwenye intaneti ili ibaki kwenye simu. DJI Fly naifunga kabisa, maana programu mbili zikigombea waya mmoja wa rimoti, unaweza kukaa saiti dakika kumi unaangalia skrini isiyo na picha. Usiifute lakini. Masasisho ya droni yanapitia huko huko.

Jambo la urefu nalo linawaumiza watu. Mita unazoandika kwenye kituo zinahesabiwa kutoka uliporukia, hazihesabiwi kutoka kwenye ardhi iliyo chini ya droni. Kigamboni kulikotandaa hutaona tofauti. Nenda Goba, rukia bondeni, andika mita 30, kisha peleka kituo cha 5 upande wa kilimani: zile mita 30 zinaweza kubaki kumi, au zisibaki kabisa. Litchi inaweza kuzingatia mwinuko wa ardhi ukiiambia, ila haijui mnazi, wala mnara wa simu, wala nondo za ghorofa lililoanza kujengwa wiki iliyopita. Na Mini 2 haina macho ya mbele, yaani vihisi vya kuona vizuizi. Mimi safari mpya huwa naizungukia kwanza kwa mkono, taratibu, kamera ikiangalia mbele, ndipo naiachia programu.

Kuna vijana wanaonunua programu hizi wakiamini zinafungua kufuli: kwamba utapaa juu unavyotaka, au utaruka karibu na uwanja wa ndege pale Kipawa. Sivyo. Mipaka ambayo kiwanda kimeiweka inakaa ndani ya droni yenyewe, na programu yoyote inayoongea nayo inaikuta pale pale. Kibali nacho hakitoki kwenye simu. Utakitafuta Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na wenzetu wa ulinzi wana neno lao pia. Hakuna njia ya mkato hapo, na mimi sitaki iwepo.

Malalamiko yangu ni kwa viwanda. Programu za nje huingia kwa mlango ambao mtengenezaji ameamua kuuacha wazi, na kila droni mpya ikitoka wanunuzi wanabaki kusubiri waone kama mlango utafunguliwa. Kwa Mini 3 na Mini 3 Pro ulifunguliwa kwa simu za Android peke yake. Mwenye iPhone akabaki nje, na fedha ameshalipa. Mtu anayetoa zaidi ya milioni kwa kifaa cha kazi anastahili kuambiwa dukani, kabla hajafungua pochi, kitakubali programu gani na simu ipi.

Na wiki iliyopita kijana mmoja amekuja kwangu na nakala ya wizi ya programu kama hizi, amewekewa kwenye duka la simu kwa elfu tano. Ilifunguka vizuri, ikamwomba barua pepe na nywila ya akaunti yake ya droni, naye akaandika. Kwa elfu tano amempa mtu asiyemjua ufunguo wa akaunti yenye kumbukumbu za safari zake zote. Tuliifuta pale pale, tukabadilisha nywila, akanunua ya halali kwa kadi ya dada yake. Mwisho wa mwezi huu tunavuka naye Kibada. Ataanza na vituo vinne tu, simu ikiwa kwenye hali ya ndegeni na vidole vikiwa kwenye vijiti.